Mgono wa Lupiro na mwili wa kambale

Mgono husukwa wakati hakuna maji ya kuutega. Mwezi wa tisa mbuga ya Lupiro imekauka mpaka inapasuka, mpunga ulishaingia ghalani, moto umepita kwenye nyasi, na hapo ndipo fundi anapotandika gunia chini ya mwembe na kuanza kuchana mianzi. Maji atakayotega bado yako mawinguni. Samaki anayemwinda yuko mto mkubwa, au amejibana kwenye dimbwi la mwisho lililobaki, au hajatagwa. Kila kipimo anachoweka fundi siku ile, upana wa mdomo, ulegevu wa koo, pengo kati ya ufito na ufito, ni madai juu ya mwili wa mnyama ambaye hayupo mbele yake. Akikosea, atajua mwezi wa nne.

Lupiro iko wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, kwenye barabara inayotoka Ifakara kwenda Mahenge. Zamani mtu alivuka mto Kilombero kwa kivuko. Leo anapita darajani, na pengine hata chini hatazami. Bonde ni tambarare, mita mia tatu hivi kutoka usawa wa bahari, limebanwa kati ya Milima ya Udzungwa na safu ya Mahenge, na mito kama Mpanga, Mnyera na Ruhudji inamwaga humo. Mvua zikikolea, mito inavunja kingo na mbuga inageuka ziwa la nyasi. Mwaka 2002 bonde hili, kiasi cha kilomita za mraba 7,967, liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wageni wengi wanalijua kwa sheshe, swala ambaye wakati mmoja sehemu kubwa ya waliobaki duniani iliishi hapa. Wandamba, Wapogoro na Wabena wanalijua kwa mpunga na samaki.

Walioandika juu ya watu wa mto huu hawakukosekana. A. G. O. Hodgson alichapisha makala juu ya desturi za uwindaji za Wandamba mwaka 1926, na mume na mke Culwick wakatoa kitabu kizima juu ya Wabena wa mitoni mwaka 1935. Uwindaji wa wanyama wakubwa hupata mwandishi upesi, maana una damu na vishindo. Mgono hauna kishindo. Ni kikapu kirefu kinacholala majini usiku kucha, na asubuhi mtu anakuja kuona.

Mwanzi wenyewe haukatwi ovyo. Ulio mchanga hunywea ukikauka na kuacha mapengo yasiyo sawa. Fundi anachagua uliokomaa, anaupasua kuwa fito nyembamba za unene wa kalamu, kisha anakwangua ile nyama laini ya ndani kwa kisu, kwa sababu ndiyo inayovutia wadudu na ndiyo inayoanza kuoza. Fito zikiwa tayari analaza moja kando ya nyingine na kuzifunga safu kwa safu kwa kamba ya ukindu, au siku hizi kwa uzi wa nailoni uliofumuliwa kwenye wavu uliochakaa. Jamvi hilo la fito analizungusha kwenye pete za vijiti vilivyopindwa. Upande mmoja unabaki mdomo mpana. Upande wa pili unabanwa kuwa mkia, unazibwa kwa tita la nyasi litakalochomolewa siku ya kumwaga samaki.

Hadi hapo mtu yeyote mwenye mikono mizuri anaweza. Kinachomtenga fundi ni koo. Ndani ya mdomo anaingiza mduara wa pili wa fito zilizochongwa ncha, zote zikielekea ndani, na hizo ncha hazifungwi. Samaki anazisukuma anapita, nazo zinajirudi nyuma yake. Mzee mmoja niliyekuwa nimekaa naye alitumia sehemu kubwa ya asubuhi kwenye koo moja, muda ambao kijana mwenye pikipiki angeuona umepotea bure. Anapenyeza ngumi taratibu, anaangalia fito zinavyoachia, anaitoa. Anapunguza ufito mmoja kwa kisu, kidogo kama unywele, anapenyeza tena. Nikamwuliza, "Babu, unatafuta nini humo?"

"Kambale ana kichwa kipana lakini bapa, mjukuu wangu," akasema. "Kwa hiyo ngumi nailaza hivi." Akailaza, ikapita. Akaisimamisha, ikakwama.

Hilo ndilo somo la anatomia nililolipata Lupiro, na sijaona kitabu kilichonifundisha vizuri zaidi. Kambale hana magamba. Ngozi yake ni utelezi mtupu, na fuvu lake ni bamba la mfupa gumu linaloweza kusukuma matope na mizizi. Nyuma ya kichwa, kwenye mapezi mawili ya ubavuni, ana miiba miwili ambayo anaweza kuisimamisha na kuifunga isirudi. Aliyewahi kumshika vibaya anao ushahidi kiganjani. Akiingia kwenye mgono, kichwa kinafungua njia na miiba imelala ubavuni. Akitaka kurudi kinyumenyume, miiba inasimama na kunasa kwenye fito. Kwa hiyo koo likiwa gumu mno hataingia. Likiwa legevu mno litabaki wazi nyuma ya mkia, na wa pili atakayeingia atamwonyesha wa kwanza mlango. Kati ya hayo mawili kuna nafasi finyu sana, na mzee aliitafuta kwa ngumi.

Macho ya kambale ni madogo na hayamsaidii sana kwenye maji ya matope. Anatembea usiku, akipapasa kwa ndevu zake nane zinazogusa na kuonja kwa pamoja. Mnyama wa namna hiyo hufuata ukingo: ukingo wa nyasi, wa mfereji, wa kitu chochote kilichosimama. Ndiyo maana mgono mara nyingi hausimami peke yake. Mvuvi anajenga uzio mfupi wa matete kuanzia nyasini, ukielekea kwenye maji ya kina, na mwisho wa uzio ndipo anapolaza mgono. Kambale anagusa matete, anayafuata, anadhani yuko njiani. Chambo hakihitajiki. Ndevu zake mwenyewe zinampeleka.

Lakini umbo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni joto.

Mwili wa mtu hukaa karibu nyuzi 37, awe kwenye ukungu wa Makete au kwenye jua la Lupiro, na gharama ya kuuweka hapo tunailipa kwa ugali. Samaki, chura, kenge na mamba hawakuingia kwenye mkataba huo. Joto lao ni lile la maji au la jua waliloota, na kwa sababu hawaunguzi chakula ili kupasha damu, wanaishi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya chakula anachohitaji mnyama wa damu moto mwenye uzito uleule. Nafuu hiyo ina masharti yake: kasi ya maisha yao inaamuliwa na hali ya hewa. Maji yakipanda nyuzi 10, moyo, tumbo na misuli ya samaki hufanya kazi mara mbili hadi tatu zaidi. Yakishuka, vyote vinapoa. Mayai ya kambale kwenye maji ya nyuzi 20 huchukua zaidi ya siku mbili kuanguliwa. Kwenye maji yanayokaribia nyuzi 30 siku moja haiishi.

Mvuvi hana kipimajoto. Anaingiza mguu majini alfajiri, na kwa mguu huo anaamua kama atatega mbugani au mtoni. Kipupwe cha mwezi wa sita na wa saba kinapoingia, usiku maji ya kina kifupi hupoa haraka kuliko maji ya mto, na samaki aliyebaki humo hali, hatembei. Wavuvi watakwambia samaki amelala. Anayetumia ndoana hapotezi chambo asubuhi hiyo. Anangoja jua lipande, maji ya juu yapashwe, ndipo anatupa. Anayetumia mgono anausogeza kwenye maji ya kina zaidi, au anautundika kwenye paa na kwenda kulima bustani.

Joto kali nalo lina mambo yake. Maji ya moto hubeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja ya maji inaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni, kwenye nyuzi 30 ni kama 7 na nusu. Yaani saa ileile ambayo mwili wa samaki unadai hewa zaidi, maji yanatoa pungufu. Ongeza nyasi zilizozama na kuoza, ongeza usiku ambapo mimea yenyewe inavuta oksijeni badala ya kuitoa, na utaelewa kwa nini alfajiri perege wa dimbwini wanapanga midomo juu ya maji wakihema. Kambale hapangi foleni hiyo. Juu ya mashavu yake, ndani, ana vijimti vyekundu vya nyama yenye mishipa mingi ya damu, na humo anapumua hewa hii hii tunayovuta sisi. Anapanda juu, anameza pumzi, anazama. Dimbwi likibaki tope, yeye yumo bado. Usiku wa mvua anaweza hata kujikokota kwenye nyasi mbichi akitafuta dimbwi jingine, akijipiga ubavu kwa ubavu na kujishikiza kwa ile miiba.

Sasa rudi kwenye mgono. Ukiuzamisha wote kwenye maji yaliyotuama, kambale aliyenaswa hapati pa kupandia, na asubuhi unatoa maiti iliyokwisha kuvimba. Samaki amekufa maji, jambo ambalo mtu wa mjini atalicheka mpaka alione. Kwa hiyo fundi anausuka mgono mnene kiasi cha kuacha mgongo wake nje ya maji unapotegwa kwenye kina kifupi, na kambale anakaa humo mzima, akipanda na kushuka, mpaka mwenye mali atakapokuja. Mahesabu ya unene huo yalifanyika mwezi wa tisa, kwenye vumbi. Hapo ndipo ninapomvulia fundi kofia.

Wavuvi wanahesabu misimu miwili, kupanda na kushuka. Mvua za kwanza zinapofurika mbugani, vyura wanaanza. Wako wa aina nyingi, na mmojawapo ni kijichura cha matete ambacho mtaalamu wa Denmark, Arne Schiøtz, alikieleza mwaka 1975 kutoka bonde hili, kikapewa jina Hyperolius reesi. Anayetega samaki hana haja na majina hayo, ila kelele za vyura zinamwambia maji yamefika kwenye nyasi mpya na yana uvuguvugu. Usiku huohuo kambale wanatoka mtoni. Jike amebeba mayai ya makumi ya maelfu. Dume anajikunja kuzunguka kichwa cha jike, mayai yanamwagwa, yananata kwenye majani ya nyasi, nao wanaondoka. Hakuna malezi. Vitoto vitalelewa na maji ya vuguvugu na vijidudu vilivyojaa humo, na vitakua kwa kasi ambayo mto wenyewe usingeweza kuvipa.

Msimu wa kupanda mdomo wa mgono unaelekea mtoni. Ni msimu wenye majaribu, kwa sababu samaki ni wengi, wazito, wamelewa na safari. Uzio ukifungwa kutoka ukingo hadi ukingo unavuna mwaka mzima kwa wiki moja, na mwaka unaofuata hakuna cha kuvuna. Fundi ninayemheshimu anaacha mlango katikati, maji ya kina yanapopita, na kambale wakubwa wanapita humo. Sisemi kila mvuvi wa bonde hufanya hivyo. Wapo wanaofunga, na wanajulikana kwa majina.

Kisha, mvua zikipungua na maji yakaanza kurudi mtoni, mgono unageuzwa. Mdomo sasa unatazama mbuga. Kila kijito kinachonyonya maji kutoka kwenye nyasi kinateremsha samaki wa mwaka ule, na hapa ndipo kazi ya mwezi wa tisa inapolipwa. Pengo la upana wa kidole kati ya fito linaachia vitoto. Vinapenya humo na kuendelea na safari. Anayebaki ndani ni yule mwenye unene wa kuuzika. Hakuna aliyesimama pale kuchagua. Fundi alichagua zamani, kwa kidole chake.

Perege anahitaji akili nyingine. Yule wa asili wa bonde hili, anayeitwa na wanasayansi Oreochromis urolepis, ni mzazi wa kweli. Dume anachimba shimo la duara kwenye sakafu ya maji ya kina kifupi, maji yakitulia utayaona mashimo hayo yamepangana. Jike anataga, anayaokota mayai kinywani na kuyalea humo hadi vitoto viweze kuogelea, na kwa muda wote huo hali au anakula kwa shida. Mvuvi mzoefu anamtambua: tumbo limeingia ndani, koo limejaa. Akimnasa bila kutaka, jike hutema watoto palepale kwenye mtumbwi. Kambale hutegemea wingi, perege hutegemea malezi, na zana moja haiwezi kuwatendea haki wote wawili. Wasiwasi wa perege siku hizi hauko kwa mvuvi peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ukiwahusisha Asilia Shechonge na Benjamin Ngatunga, ulionyesha jinsi sato na perege wengine wa kuletwa walivyosambaa kwenye maji mengi ya Tanzania kwa sababu ya kupandikizwa na watu kwa miongo mingi. Wageni hao huzaana na wenyeji, na mwenyeji akishachanganyika hatenganishiki tena.

Mamba nitamtaja kwa ufupi kwa kuwa yumo kwenye mahesabu ya kila anayetegua mgono. Yeye naye ni mtumwa wa joto. Asubuhi ya kipupwe utamkuta amejianika kwenye mchanga, mdomo wazi, mzito. Joto likishaingia mwilini ni mnyama mwingine kabisa. Hata jinsia ya watoto wake huamuliwa na joto la mchanga alimofukia mayai: likikaa kati ya nyuzi 32 na 34 hivi, wengi huwa madume, likishuka au kuzidi hapo, majike. Wavuvi hutegua asubuhi mapema, akiwa bado mzito. Hawasogei kwenye maji yasiyoonekana chini hata kama mgono unatikisika kwa shehena.

Kambale akishatoka majini, ufundi unahamia kwa akina mama, na ni ufundi uleule wa kuujua mwili. Kwa kuwa anavuta hewa, anasafirishwa hai. Anawekwa kwenye gunia lililoloweshwa lenye majani mabichi, gunia linafungwa nyuma ya baiskeli, na anafika sokoni Ifakara akiwa bado anachezesha ndevu, bila barafu na bila senti ya umeme. Perege hawezi safari hiyo. Ni wa kukaangwa au kukaushwa mapema. Kambale wa kubanika anapasuliwa, anatolewa matumbo, anakunjwa duara na kupangwa juu ya kichanja. Moto unakuwa mdogo, moshi mwingi, kuni ngumu zisizo na utomvu. Mafuta yake yanachuruzika polepole. Mwenye haraka huwasha moto mkubwa, nje kunaungua, ndani kunabaki kubichi, na siku chache baadaye funza wanamwaibisha sokoni. Bibi anayejua anageuza kila samaki kwa mkono, hata usiku wa manane, akitumia kidole kupima nyama ilivyokaza karibu na uti wa mgongo.

Nina neno moja chungu. Bonde hili ndiko kulikofanyiwa kazi kubwa ya vyandarua: taasisi ya afya ya Ifakara, iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo chini ya Rudolf Geigy wa Basel, ilisimamia mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga tangu mwaka 1997, vikaitwa Zuia Mbu, na watoto wengi walipona. Lupiro yenyewe bado ni mahali pa kusomea mbu. Lakini popote penye maji nchini utakuta chandarua kimoja kimeshonewa mti na kugeuzwa kokoro. Tundu lake linamzuia mbu; kitoto cha kambale cha siku tano kitapita wapi? Kulaumu umaskini ni rahisi, na kuna ukweli ndani yake. Hata hivyo chandarua hakimdai mtu kumjua samaki. Kinavuta kila kitu. Mgono unamdai msukaji ajue kichwa kilivyo bapa, mwiba unavyosimama, pumzi inavyotafutwa, maji yanavyopoa na samaki anaelekea wapi mwezi gani.

Vijana wanaosuka wamepungua. Mwanzi umekuwa wa kununua, na wavu wa dukani unautega siku ileile unapoufikisha. Simlaumu kijana. Ila maofisa uvuvi wa Ulanga na Kilombero, na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wanapokaa kupanga vipimo vya zana zinazofaa bondeni, wawaite wasukaji hawa wakiwa bado wapo. Waje na migono yao, waeleze kila pengo limewekwa kwa nini, na walipwe posho ya kikao kama wajumbe wengine.